Kemba ya magurudumu ya mbele

Kemba ni mwinamo wa gurudumu la gari likitazamwa kutoka mbele au nyuma. Gurudumu lililosimama wima kabisa lina kemba ya digrii 0. Sehemu yake ya juu ikilalia ndani, kuelekea injini, kemba huitwa hasi; ikilalia nje huitwa chanya. Kemba ya kushoto ikitofautiana sana na ya kulia, gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa ukingo mmoja. Mara nyingi hitilafu hii hugunduliwa baada ya kubadilisha mauntini za shokapu.

Muundo

Magari madogo mengi yanayotumika Tanzania, kama Toyota IST, Corolla na Noah, yana mfumo wa mbele uitwao MacPherson. Jina hilo linatokana na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson (1891–1960). Mfumo wake ulijulikana sana kupitia magari ya Ford Consul na Zephyr yaliyotengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Katika mfumo huu shokapu na springi ni kitu kimoja kilichosimama. Juu, shokapu hushikwa kwenye bodi kwa mauntini, ambayo ni kipande cha chuma na mpira, mara nyingi chenye beringi inayoiruhusu kuzunguka usukani unapokatwa. Chini, shokapu hufungwa kwa bolti mbili kwenye nako, yaani chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Nako nayo hushikwa na boljointi ya mkono wa chini. Kwa hiyo kemba hutegemea sehemu tatu: mauntini juu, bolti mbili katikati, na mkono wa chini.

Magari yenye ekseli nzima mbele, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, hayana mfumo huu, na kubadilisha shokapu zake hakuathiri kemba.

Hali ya Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za Mkoa wa Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania. Wakazi wake wengi ni wakulima, hasa wa korosho, ufuta na mazao ya chakula. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo. Mvua za masika huzichimba mashimo, na wakati wa kiangazi uso wake hukauka na kuwa na matuta madogo yanayofuatana. Mtikisiko huo, pamoja na mizigo na abiria, hupasua mpira wa mauntini mapema. Dalili zake ni mlio wa kugonga juu ya gurudumu na usukani kukwama au kurudi kwa shida.

Mashine za kompyuta za kupima alaimenti hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Fundi aliye mbali nazo huhitaji njia ya kupima mwenyewe kabla gari halijarudi safarini.

Vyanzo vya tofauti

Mauntini mpya yenyewe si lazima iwe na kosa. Vyanzo vya kawaida ni hivi:

1. Matundu ya bolti mbili za nako huwa na nafasi ndogo. Bolti zikikazwa gurudumu likiwa limelala ndani upande mmoja na nje upande mwingine, kemba hutofautiana.
2. Baadhi ya mauntini zina tundu lisilo katikati, au alama ya mwelekeo. Ikigeuzwa, kichwa cha shokapu husogea.
3. Mauntini imebadilishwa upande mmoja tu, huku ya upande wa pili ikiwa imebonyea, au zote mbili ni mpya lakini si za aina moja.
4. Ncha ya springi haikukaa kwenye kidaraja chake, hivyo upande huo wa gari umeinuka.
5. Shokapu, nako au mkono wa chini ulikwisha kupinda kwa kugonga shimo, ila haukuonekana mpaka kazi ilipofanyika.

Kupima kwa timazi

Kwanza upepo wa matairi husawazishwa na mzigo huondolewa. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki, matairi hushika ardhi na kuyazuia magurudumu yasirudi mahali pake. Kwa hiyo gari husukumwa mbele na nyuma mita chache, kisha hubonyezwa mara kadhaa kwa mbele. Vipimo vinavyochukuliwa bila hatua hii hudanganya.

Usukani ukiwa umenyooka, timazi ya mwashi huning'inizwa kutoka kwenye madigadi ili uzi upite mbele ya kitovu cha gurudumu bila kugusa tairi. Hupimwa umbali kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu, halafu chini. Umbali wa juu ukiwa mkubwa zaidi, kemba ni hasi. Wa chini ukiwa mkubwa, ni chanya. Kama nafasi kati ya sehemu mbili zilizopimwa ni milimita 360, kila tofauti ya milimita 6 hivi ni sawa na digrii 1.

Kwa mfano, tofauti ikiwa milimita 9 kushoto na milimita 3 kulia, zote kwa upande wa hasi, kemba ni takriban digrii 1.4 na digrii 0.5. Pengo ni karibu digrii 1. Miongozo ya Toyota kwa magari mengi madogo huruhusu pengo lisilozidi dakika 45, yaani robo tatu ya digrii. Hivyo gari hilo linahitaji marekebisho.

Uwanja ukiwa na mteremko, kipimo huharibika. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuligeuza gari litazame lilikotoka, likanyage palepale, na kupima tena. Tofauti ikihamia gurudumu la pili, kosa ni la ardhi. Ikibaki kwenye gurudumu lile lile, kosa ni la gari.

Kutambua sehemu yenye kosa

Hupimwa nafasi kati ya bomba la shokapu na ukingo wa ndani wa rimu, kwa urefu uleule kila upande. Nafasi zikitofautiana, kosa liko kwenye bolti mbili, au shokapu au nako imepinda. Nafasi zikilingana, gurudumu na shokapu vimelala pamoja. Basi kosa liko juu kwenye mauntini na bodi, au chini kwenye mkono na bushi zake. Kipimo hiki huepusha kununua vipuri visivyohitajika.

Marekebisho

Kama kosa ni la bolti, nati mbili hulegezwa, sehemu ya juu ya gurudumu husukumwa upande unaotakiwa, na nati hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye mwongozo wa gari. Kwa baadhi ya magari hupatikana bolti maalumu zenye kiuno chembamba zinazoongeza nafasi ya kurekebisha. Kutanua matundu kwa grainda hudhoofisha kiungo, na bolti inaweza kuteleza gari likiwa njiani. Kipande kilichopinda hubadilishwa.

Kufungua nati ya juu ya shokapu kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake ni hatari, kwani springi huweza kuruka na kuua.

Kila kemba inapobadilishwa, uelekeo wa magurudumu, yaani kama yanatazamana kwa ndani au kuachana kwa nje, hubadilika pia. Huo hupimwa na kurekebishwa mwisho, kwenye tairodi.

Athari za kutorekebisha

Gari huvuta upande wenye kemba chanya zaidi. Hata hivyo, Tanzania magari hupita kushoto na lami nyingi huteremka kuelekea ukingo ili maji yatoke, kwa hiyo gari zima pia huweza kwenda kushoto kidogo. Jaribio hufanywa kwenye barabara tambarare isiyo na magari mengine.

Kemba hasi iliyozidi hula tairi upande wa ndani, ambao dereva haoni akiwa amesimama kando ya gari. Tairi huonekana zima kwa nje huku nyuzi zikiwa zimetokeza ndani, na huweza kupasuka gari likiwa na abiria. Kwa sababu hiyo, baada ya kubadilisha mauntini ni vema kupapasa ukingo wa ndani wa tairi zote mbili za mbele kila baada ya kilomita mia chache, mpaka ithibitike kuwa zinalika sawasawa.