Spraiti, kaseti na bati la Maniema

Julai 2025 kampuni iliyonunua jina la Commodore ilianza kupokea oda za kompyuta mpya yenye umbo la Commodore 64 ya 1982. Waliokuwa watoto enzi hizo, huko Ulaya na Marekani, wamefurahi, na wana haki. Mengi yamesemwa kuhusu michezo, machache kuhusu namna picha za michezo hiyo zilivyochorwa na kuhifadhiwa. Sisi wa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, nasi tuna sababu ya kuukumbuka mwaka mmoja katika historia hii, nami nitaufikia.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa bahili mmoja. Jack Tramiel, mzaliwa wa Łódź nchini Poland aliyenusurika Auschwitz, ndiye aliyeijenga Commodore. Mwaka 1977 alihitaji lugha ya programu ya BASIC kwa kompyuta yake ya PET. Yaliyotokea aliyasimulia mwenyewe mwaka 2007 huko California, kwenye sherehe ya miaka 25 ya Commodore 64. Bill Gates wa Microsoft alitaka dola 3 kwa kila mashine itakayouzwa. Tramiel akamjibu kuwa tayari ana mke, yaani hataki kufungwa na mtu mwingine, na kwamba hatoi zaidi ya dola 25,000. Gates akaondoka, kisha akarudi na kukubali. Hii ni simulizi ya mshindi, na washindi hutia chumvi. Hata hivyo ni kweli kwamba Commodore ilibaki na BASIC isiyodaiwa senti kwa kila mashine, na miaka mitano baadaye ikaipachika, karibu vilevile ilivyokuwa, ndani ya Commodore 64.

BASIC hiyo haikujua spraiti ni nini. Chipu ya picha, VIC-II, ilizijua vizuri: vijipicha vinane vinavyoelea juu ya mandhari bila kuifuta, kila kimoja nukta 24 kwa upana na 21 kwa urefu, na vikigongana chipu yenyewe inatoa taarifa. Amri ya kuvichora ndiyo iliyokosekana. Kitabu cha maelekezo cha 1982, ambacho ndicho nilichokifuata zaidi hapa, kinamfundisha mwenye mashine kuchora puto kwenye karatasi ya miraba. Kila mstari unakatwa mapande matatu ya nukta nane. Kila nukta ina thamani yake, kuanzia 128, 64, 32 hadi 1. Unajumlisha zile zilizojazwa, na pande zima linakuwa namba moja. Puto moja ni namba 63, na zote zinaingizwa kwenye kumbukumbu ya mashine kwa amri ya POKE. Ukikosea namba moja, puto linatoboka.

Mahali lilipowekwa puto lile napo pana kichekesho. Lilianzia anwani 832, ambayo imo ndani ya eneo linalotumiwa na mashine kupitishia data za kaseti. Ukihifadhi kazi yako kwenye kaseti, puto linavurugika pale pale kwenye kumbukumbu! Kilichosalimika ni namba zake, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa ndani ya programu yenyewe, kwenye mistari ya DATA.

Hapo ndipo programu za kuhariri spraiti zilipopata kazi. Magazeti kama COMPUTE!'s Gazette, lililoanza Julai 1983, yalichapisha programu ndefu ambazo msomaji alizinakili kwa vidole vyake, zikiwemo za aina hiyo. Ulijaza miraba mikubwa kwenye skrini, hesabu ikafanywa na mashine, na namba zikahifadhiwa peke yake kwenye kaseti au diski. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo kubwa. Picha iliyokuwa imefungwa ndani ya programu moja sasa iliweza kuitwa na mchezo wowote.

Commodore yenyewe ilizinduka mwaka 1985. Kompyuta yake ya 128 ilikuwa na BASIC mpya yenye SPRDEF, ubao wa kuchorea uliojengwa ndani ya mashine, SPRSAV ya kunakili spraiti, na BSAVE ya kuzipeleka kwenye diski. Tramiel alikuwa ameshaondoka tangu Januari 1984. Kampuni ilifilisika Aprili 1994.

Mwaka huo wa 1985 ndio wetu. Sehemu za kompyuta hizo zililehemewa kwa bati na risasi, na bati ndilo lililoulisha mji wetu wa migodi, Kalima. Tarehe 24 Oktoba Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili kuilinda bei, liliishiwa fedha, soko la metali la London likasimamisha biashara, na tani iliyokuwa zaidi ya pauni 8,000 ikaja kuuzwa chini ya nusu ya bei hiyo. Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilikuwa mwanachama wa Baraza hilo. Kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa 1976 na iliyomiliki pia dhahabu ya Namoya huku Kabambare, haikusimama tena sawasawa. Miaka ya 1990 ikauzwa.

Mji wa Kasongo bado unatajwa kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe, na vita vya 1893 vya Wabelgiji dhidi ya Waarabu, kana kwamba baada ya hapo hakuna kilichotokea. Siku hizi, kutoka Kasongo hadi Kabambare, wengi wa wanaochimba ni wachimbaji wadogo wenye sururu na beleshi. Na bati linahitajika kuliko zamani: tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na mchanganyiko wa kulehemu uliokuwa na bati asilimia 60 hivi, sasa una zaidi ya 95.