Miaka Miwili ya Ziwa

Shubiri haina huruma. Utomvu wake ukipakwa kwenye chuchu, mtoto anayekaribia kutimiza miaka miwili huonja mara moja, hukunja uso, humkodolea mama yake macho, kisha huangua kilio. Palipokosekana shubiri palitumika pilipili, majani ya mwarobaini yaliyopondwa au masizi ya chungu. Watoto wengi wa Pwani na bara waliachishwa ziwa hivyo, na wapo wanaoachishwa hivyo mpaka leo. Bibi naye alikuwa na njia yake: anamchukua mjukuu akalale kwake siku kadhaa, anampikia uji, anambembeleza usiku, mpaka ziwa limtoke akilini.

Kilio hicho kilikuwa hatua ya mwisho ya utaratibu mrefu wenye kanuni zake, walinzi wake na adhabu zake. Utaratibu wenyewe ulizaliwa na jambo ambalo kila mzazi wa mtoto wa umri huo analijua. Mtoto anatembea lakini haogopi moto. Ana meno lakini chakula cha wakubwa hakimtoshi. Anasema maneno mawili matatu, na maradhi hayajui kuyasema. Mdogo wake akija mapema mno, nani atamwangalia?

Pwani, ambako Uislamu umekaa kwa zaidi ya miaka elfu moja, muda ulikuwa umekwisha kutajwa. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Inamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama kwa wema, na inaruhusu mtoto kuachishwa kabla ya hapo wazazi wakiridhiana na kushauriana. Hayo mashauriano yana uzito. Kwa aya hiyo, baba hakuwa mtu wa kuambiwa tu kwamba mtoto ameacha ziwa. Alihesabiwa ndani ya uamuzi, na gharama ya miezi yote hiyo ilikuwa juu yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo ambaye kazi yake ndiyo nguzo ya kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotolewa na Mjerumani Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, aliyaweka mambo ya uzazi na malezi pamoja na ndoa, biashara na hukumu. Kwake yeye, kumlea mtoto ilikuwa desturi ya mji, yenye watu na ada zake, kama vile harusi.

Sehemu nyingi za bara kazi ya kuulinda muda huo ilifanywa na mwiko. Maadamu mtoto ananyonya, wazazi walitakiwa wajizuie. Wakishindwa, au baba akitoka nje ya ndoa kisha akarudi kumpakata mtoto, watu husema mtoto amebemendwa: atadhoofu, ataharisha, atachelewa kutembea. Wamijikenda wa Kenya wana chirwa, maradhi ya mtoto yanayohusishwa na wazazi waliovunja miiko ya unyumba. Kwa hiyo mtoto aliyekaribia miaka miwili bila kusimama alikuwa habari ya mtaa mzima. Majirani hawakuuliza amekula nini. Waliuliza wazazi wake wamefanya nini.

Tiba ya hospitali haikubali kwamba tendo la ndoa linaharibu maziwa. Hata hivyo mwiko ulikuwa na hesabu ndani yake. Mama akishika mimba mtoto akiwa na miezi minane au tisa, maziwa hupungua, mtoto huachishwa ghafla, na kinachobaki ni uji mwepesi wa mahindi au wa muhogo katika umri ambao mwili unajengwa haraka. Walioweka mwiko walikuwa wameona watoto wa namna hiyo wakizikwa. Waliikosea sababu, lakini muda waliupata sawasawa.

Kutwa nzima ya mama ilipangwa kwa kumzunguka mtoto huyo. Amekuwa mzito kwa mbeleko ya kwenda nayo shambani, na miguu yake haijaweza kufuata. Miongoni mwa Abagusii, yaani Wakisii, wa magharibi mwa Kenya, ambako Mmarekani Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti katika miaka ya 1950 na tena katika miaka ya 1970, kazi ya kumwangalia ilikuwa ya omoreri, mtoto mkubwa kidogo, mara nyingi dada, aliyebaki na mdogo wake wakati mama analima. LeVine aliona kwamba akina mama wa Kisii hawakuwa na mazungumzo mengi na watoto wachanga kama mama wa Boston, lakini waliwahi mno kuitikia kilio, na walikaa macho kuhusu moto wa jikoni na maradhi. Hoja yake ilikuwa kwamba mahali vifo vya watoto ni vingi, mzazi huweka uhai mbele, na mengine huja baadaye. Anayemfahamu mtoto wa miezi ishirini karibu na mafiga matatu yenye sufuria inayochemka hahitaji utafiti kuielewa hoja hiyo.

Madaktari wa kikoloni walichelewa kulifikia jambo hili. Cicely Williams, Mwingereza mzaliwa wa Jamaika, alipelekwa Gold Coast, Ghana ya leo, mwaka 1929. Huko alikuta watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu, ngozi ikiwabambuka, nywele zikipauka, wamenuna na hawataki kucheza. Aliwauliza wanawake wa kabila la Ga wanauitaje ugonjwa huo, wakamwambia: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani pale mwingine anapokuja. Aliandika juu yake mwaka 1933, akiuhusisha na chakula cha mahindi matupu, na mwaka 1935 akalipeleka jina lile lile katika jarida la Lancet. Wakubwa wa fani walimpinga, wakishikilia kuwa huo ni ugonjwa wa pelagra. Lakini wanawake wa Accra walikwisha kueleza chanzo chake ndani ya neno moja.

Afrika Mashariki mjadala huo ulihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Hugh Trowell, daktari aliyeanzia Kenya kabla ya kuhamia Uganda, alitumia miaka mingi kuthibitisha kwamba watoto waliovimba hawakuwa na minyoo tu wala kaswende, bali walikosa chakula cha kujenga mwili. Kitabu chake na wenzake, Davies na Dean, kilitoka mwaka 1954. Kwa Kiswahili tukaja kusema kwashakoo.

Mwaka huo huo Mary Ainsworth, mwanasaikolojia kutoka Kanada, alifika Kampala na kupata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere, iliyoongozwa na Audrey Richards. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa kumwachisha, ili alisahau ziwa. Alitaka kujua kutengana huko kunamfanya nini mtoto. Akaanza kutembelea nyumba 26 za vijiji vya karibu na mji, zenye watoto 28, akiwa na mkalimani, kila baada ya wiki mbili hivi. Alichokuta kikambadilishia kazi: desturi ile ilikuwa imekwisha kulegea, na watoto wengi waliachishwa wakiwa kwa mama zao. Akabaki anaangalia jinsi mtoto anavyomfuata mama kwa macho, anavyokwenda mbali kidogo kisha akarudi, anavyolia mama akitoka mlangoni. Kitabu chake juu ya Uganda kilichapishwa mwaka 1967, na nadharia ya uhusiano wa mtoto na mzazi inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia ina mizizi katika sebule hizo za Buganda. Wazazi wa Ulaya na Marekani wanaosoma juu ya mtoto kumng'ang'ania mama kwa kawaida hawaambiwi hilo, na inafaa waambiwe.

Mfaransa Marcelle Geber, aliyefanya kazi Kampala katika miaka hiyo, aliwapima watoto wa Kiganda akawakuta wamewatangulia wa Ulaya katika kukaa na kutembea. Baada ya kuachishwa kwa ghafla, wengi aliowaona walipoteza uchangamfu wao. Waliokuwa wakicheka na wageni walikaa kimya.

Hapa ndipo mwiko wa kale ulipoonyesha upande wake mchungu. Mtoto akivimba, watu walisema amebemendwa. Na aliyesemwa zaidi alikuwa mama. Mwitaliano Mara Mabilia, aliyeishi na akina mama wa Kigogo katika kijiji cha Dodoma na kuandika kitabu juu ya unyonyeshaji wao, anaeleza jinsi ugonjwa wa mtoto unavyogeuka kuwa ushahidi juu ya mwenendo wa mama. Mwanamke mwenye aibu hampeleki mtoto zahanati. Anamficha, anatafuta dawa ya mizizi usiku, au anamwachisha ziwa siku hiyo hiyo kwa hofu kwamba maziwa yake yamekuwa sumu, na hivyo anamnyima chakula bora alichobaki nacho. Kanuni iliyobuniwa kumlinda mtoto ilimgharimu uhai pale ilipogeuka kuwa mahakama. Sioni njia ya kuisifu desturi hii bila kulisema hilo kwa sauti ile ile.

Tanzania ilipounda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, swali la kwa nini mtoto anadhoofu lilianza kuulizwa kwa namna nyingine, na jibu lenye nguvu kuliko yote lilitoka Iringa. Mpango wa lishe wa mkoa huo, uliosaidiwa na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ulianza kazi mwaka 1984 katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walining'inizwa kwenye mizani mbele ya kijiji. Kadi ilikuwa na rangi tatu: kijani, kijivu na nyekundu. Matokeo yalijadiliwa na kamati ya kijiji. Mtoto aliyeangukia nyekundu hakuwa tena siri ya mama yake. Alikuwa ajenda ya mwenyekiti.

Kamati hizo zilipokaa na kuhoji, zilikuta mambo ambayo mwiko haukuyataja. Nyumba nyingi zilikuwa na mahindi. Tatizo lilikuwa saa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikula mara mbili au tatu kwa siku, wakati ule ule wa wakubwa, kwa sababu mama alikuwa shambani, mtoni au kutafuta kuni. Tumbo lake ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, na mwepesi unamjaza maji. Ndipo kikaingia kimea, unga wa ulezi au mtama uliooteshwa kisha ukakaushwa, ambao wapika pombe wa Iringa waliujua siku zote. Kijiko kidogo kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalegea palepale, na mtoto anakunywa unga mwingi katika bakuli dogo. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walilifanyia kazi jambo hilo katika maabara, lakini ujuzi wenyewe ulitoka kwenye mitungi ya komoni. Vijiji vikafungua pia vituo vya kulelea watoto mchana, vyenye uji wa saa nne.

Mwanzoni zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia 1988 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 40, na wenye hali mbaya kabisa walipungua zaidi ya nusu. Msweden Urban Jonsson, aliyekuwa katika kazi hiyo, aliuchukua mchoro wa sababu za utapiamlo uliokomaa Iringa, na mwaka 1990 UNICEF ikaufanya wa dunia nzima. Katika mchoro huo, matunzo ya mtoto yamewekwa sawa na chakula na huduma za afya. Muda wa mama umeandikwa kama sababu ya uhai na kifo.

Leo mama wa Tanzania hunyonyesha kwa wastani wa karibu miezi 20, na WHO inashauri miaka miwili au zaidi. Nafasi kati ya mtoto na mtoto sasa inalindwa na sindano, vidonge na vipandikizi, kazi ambayo chama kilichokuja kuitwa UMATI kiliianza Dar es Salaam mwaka 1959. Hata sheria ina mwangwi wa hesabu za mabibi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, katika mzunguko wa miezi 36, na inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake.

Saa mbili hizo anazo mwenye mwajiri. Mama lishe wa Tandika hana wa kumwomba, wala muuza mboga wa Mabibo, wala mkulima wa Kilolo. Mjini bibi yuko kwenye simu tu. Kazi ya omoreri inafanywa na dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini, ambaye naye angali mdogo, na mshahara wake unategemea biashara ya siku hiyo. Asiyemudu dada anakwenda na mtoto sokoni. Huko wanawake huachiana watoto kwa zamu nyuma ya meza za nyanya, mmoja akiuza, mwingine akichota uji kwenye chupa ya chai, na huyo wa miezi ishirini na miwili, aliyekwisha kujifunza kukimbia, ndiye anayewatoa jasho kuliko wote.