Amani ya Augsburg na kifungu kilichoitia ufa

Kila Agosti 8 mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, hupumzika kwa Sikukuu ya Amani, mapumziko ya kisheria ambayo miji mingine ya nchi hiyo haina. Walutheri wa Tanzania wanaujua mji huo kwa Ungamo la 1530. Mapatano yaliyofikiwa humo Septemba 25, 1555 hayatajwi sana, na huko ni kuyapunja, kwa sababu ndiyo yaliyowapa wafuasi wa ungamo hilo nafasi katika sheria ya dola. Kaisari Karl V aliwashinda wakuu wa Kilutheri huko Mühlberg mwaka 1547. Miaka mitano baadaye alikuwa akikimbia Innsbruck, akifukuzwa na Moritz wa Saxony, mshirika wake wa jana. Mazungumzo akamwachia nduguye Ferdinand. Yakakubaliwa haya: kila mtawala achague Ukatoliki au Ulutheri, na raia asiyeridhika auze mali yake ahame. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa amani ya wakubwa, tena iliwaacha nje Wakalvini. Ni kweli. Hata hivyo, katika dola iliyokuwa ikimwadhibu mzushi, ruhusa ya kuondoka na mali haikuwa jambo dogo.

Ubovu wenyewe nauona kwingine, katika kifungu kuhusu maaskofu. Askofu mtawala akiacha Ukatoliki, kilisema, apoteze cheo na ardhi. Walutheri walikikataa, Ferdinand akakiingiza kwa mamlaka yake, na hati yenyewe ikakiri kwamba pande mbili hazikuafikiana. Mwaka 1582 Gebhard Truchsess von Waldburg, askofu mkuu wa Cologne, alitangaza kuacha Ukatoliki, na mwaka uliofuata akamwoa Agnes von Mansfeld, huku akigoma kuachia kiti. Mapenzi yale yaligusa dola nzima: wateuzi wa Kaisari walikuwa saba, watatu kati yao Waprotestanti tayari, na Cologne ingewapa wa nne. Papa akamvua cheo, akachaguliwa Ernst wa Bavaria, na vita vikaendelea hadi 1588. Wanaodai kwamba mkataba wote ulikuwa hewa wanasahau kwamba penye maafikiano ya kweli ulidumu miongo sita, hadi vita vya 1618. Pale palipolazimishwa ndipo palipoanza kuwaka mapema. Ngome ya Godesberg, iliyolipuliwa kwa baruti Desemba 1583 katika vita vile vya Cologne, ni gofu hadi leo juu ya kilima chake mjini Bonn.