Mhudumu wa Wazee: Istilahi na Mafunzo Yake

Mkenya anayefanya kazi katika makao ya wazee huko Minnesota au Massachusetts akiulizwa na watu wa nyumbani anafanya kazi gani, mara nyingi hujibu kwa herufi tatu: CNA. Ndugu zake Kisii au Kiambu hulipokea jibu hilo kama nesi, naye huliacha lipite, maana maelezo yake ni marefu. Herufi hizo zinamtaja msaidizi wa muuguzi aliyepata cheti kwa mtihani. Sehemu kubwa ya zamu yake ni kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani na kuwapeleka msalani.

Kwa Kiswahili mtu huyu ana majina mengi. Kuna wanaomwita mlezi wa wazee, kuna wanaosema mtunza wazee, wengine mwangalizi, na wapo wanaomwita muuguzi moja kwa moja. Jina linalomfaa kuliko yote ni mhudumu wa wazee. Ili kuona kwa nini, inafaa kuanza na kile anachofundishwa kabla hajakabidhiwa mzee wa kumhudumia.

Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti nzito kuhusu hali duni ya makao ya wazee nchini humo. Mwaka uliofuata, Desemba 1987, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya bajeti iliyobeba ndani yake marekebisho ya makao hayo. Humo ndimo ilimotoka kanuni inayowaongoza wasaidizi wa wauguzi hadi leo: mafunzo yasiyopungua saa 75, na katika hizo, saa 16 au zaidi ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Aliyeajiriwa kabla ya kuhitimu ana miezi 4 tu ya kukamilisha. Akiacha kazi hiyo kwa miezi 24 mfululizo, anarudi darasani au kwenye mtihani. Majimbo yana ruhusa ya kudai zaidi, na yapo yaliyofanya hivyo: California inataka saa 160, Maine 180.

Ndani ya kanuni hiyo kuna kifungu ambacho anayetafuta istilahi anapaswa kukisoma mara mbili. Mwanafunzi hatakiwi kumgusa mkazi yeyote wa makao kabla ya kusoma kwa saa 16 mambo matano: mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, haki za mkazi, na namna ya kumwezesha mkazi kujitegemea. Hilo la mwisho linafundishwa kabla ya sabuni na taulo. Anayeanza kazi anaambiwa mapema kwamba jambo analoliweza mzee mwenyewe aachiwe alifanye, hata kama atachukua dakika kumi kufunga vifungo ambavyo mhudumu angevifunga kwa nusu dakika.

Chukua somo la kumvisha shati mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Asiyefundishwa huanza na mkono mzima kwa sababu unakunjika kirahisi, kisha huhangaika kuuvuta ule uliokakamaa mpaka bega linauma. Darasani huelekezwa kinyume: wakati wa kuvisha, anza na mkono dhaifu, wakati wa kuvua, anza na mkono wenye nguvu. Mkono dhaifu ukishaingia kwenye mkono wa shati, mzee huweza kuupeleka mkono mzima nyuma mwenyewe na kuutafuta mlango wake. Mhudumu hushika ukosi tu, akisubiri. Ni vivyo hivyo kwa kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu: breki zifungwe kwanza, kiti kiwekwe upande wenye nguvu, miguu ya mzee ikanyage sakafu barabara, mkanda wa kumshikia ufungwe kiunoni juu ya nguo, aelezwe kinachofuata, kisha wahesabu pamoja na kuinuka pamoja. Mzee anainuka, mhudumu anahakikisha haanguki.

Msingi wa kitaalamu wa somo hili ulijengwa Cleveland, Ohio. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake wa Hospitali ya Benjamin Rose walichapisha kipimo cha shughuli za kila siku, kilichotokana na kazi yao kwa wazee waliovunjika nyonga na wenye maradhi mengine ya muda mrefu. Waliangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kila jambo lilipimwa peke yake. Waliona pia kwamba uwezo huu haupotei ovyoovyo. Kwa kawaida kuoga ndiko hutangulia kuwa kugumu, na kula kwa mkono wa mtu mwenyewe ndiko hubaki hadi mwisho. Zaidi ya miaka 60 baadaye kipimo hicho, na vingine vilivyokifuata, bado vinatumika kuamua mzee anahitaji msaada gani.

Hapa Kiswahili kinakutana na neno lake lenyewe lenye kasoro. Nchini Tanzania makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga yamezoeleka kuitwa makazi ya wazee wasiojiweza. Neno hilo lilitungwa kwa huruma, na lilikuwa na maana pana ya mzee asiye na kipato wala jamaa wa kumtegemea. Likihamishiwa kwenye huduma ya mwili linapotosha. Kwa kipimo cha Katz mzee hawezi kuwa anajiweza tu au hajiwezi tu. Anaweza kushindwa kuoga na kuvaa huku akila, akienda msalani na kuhama mwenyewe. Mhudumu anayeambiwa kwamba huyu hajiwezi atamfanyia yote sita. Viungo visivyotumika hudhoofu upesi, na baada ya muda mfupi maelezo yale yatakuwa yamegeuka kweli.

Neno mlezi lina hatari inayofanana na hiyo. Kulea kwa Kiswahili kuna mwelekeo: anayelelewa anakua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema Waswahili, na kitenzi hicho hakikubali kirahisi kutenganishwa na kuongoza, kurekebisha, hata kukemea. Atakayetetea neno mlezi ana hoja moja ya nguvu. Katz mwenyewe aliandika kwamba mgonjwa anayepona hurudishiwa uwezo kwa mpangilio unaofanana na ule ambao mtoto huupata. Ni kweli, ila mfanano huo ni wa viungo na kazi zake. Mzee wa miaka 85 anayeshindwa kuvaa soksi ameshalea, ameshafanya kazi, ameshazika wazazi wake. Ana maoni juu ya soksi ipi avae. Mafunzo yote mazuri humkataza mhudumu kumsemesha kitoto, na sababu yake si adabu peke yake. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wakazi wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu waligoma kuhudumiwa mara nyingi zaidi waliposemeshwa kama watoto kuliko waliposemeshwa kama watu wazima.

Zaidi ya hayo, neno mlezi tayari lina mwenyewe ndani ya nyumba za wazee wa Afrika Mashariki. Katika mkoa wa Kagera UKIMWI uliacha mabibi na mababu wakilea wajukuu waliofiwa na wazazi. Shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, lilijengwa juu ya ukweli huo: liliwapa wazee pensheni ndogo wakiwa ndio wanaobeba familia. Mlezi pale ni bibi. Kumwita mlezi kijana anayekuja kumsaidia bibi huyo kuoga ni kumpokonya cheo chake akiwa bado anakifanyia kazi.

Neno muuguzi linahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu kosa lake linagharimu fedha. Muuguzi ni taaluma yenye leseni. Mwenye CNA hafanyi maamuzi ya tiba, na katika majimbo mengi haruhusiwi kutoa dawa kwa cheti hicho peke yake. Kijana akiambiwa kwamba atakwenda nje kusomea uuguzi wa wazee, anapaswa kuuliza: kwa muda gani, na atahitimu na cheti gani? Saa 75 na miaka 3 haviwezi kubeba jina moja.

Miaka 3 ndiyo hesabu ya Ujerumani, na huko mambo ni tofauti kabisa. Kwa muda mrefu Wajerumani walikuwa na fani inayojitegemea iitwayo Altenpflege, yaani utunzaji wa wazee, yenye shule zake na cheti chake. Tangu Januari 1, 2020, sheria mpya iliiunganisha na uuguzi wa wagonjwa na ule wa watoto kuwa mafunzo ya pamoja: saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini, huku mwanafunzi akilipwa posho ya kila mwezi na mwajiri wake. Ipo nafasi ya kuelekea kwa wazee katika mwaka wa tatu, lakini anayemaliza mkondo wa pamoja anaweza kufanya kazi hospitalini, nyumbani kwa mgonjwa au katika makao ya wazee. Huyo ni muuguzi, na Kiswahili kisimpunguzie. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Habari zilienea kwamba umefungua nafasi 250,000 kwa Wakenya, hadi wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikatamka kwamba hakuna idadi yoyote iliyoandikwa ndani yake. Kilichobaki palepale ni masharti: elimu inayotambuliwa, na Kijerumani cha kutosha kumwelewa mzee anayesema kwa lahaja ya kijijini kwao saa nane za usiku.

Mtunzaji ni neno zuri, na asili yake haina kosa. Kutunza kuna joto ambalo kuhudumia hakuna. Shida iko kwenye mtendwa. Mtunza bustani, mtunza hazina, mtunza kumbukumbu: katika majina haya yote kinachotunzwa kimetulia tu. Lakini kitenzi hichohicho kikipewa ‑ji‑ kinatoa istilahi inayokosekana katika mjadala huu, nayo ni kujitunza. Yale mambo sita ya Katz ni shughuli za kujitunza, na kazi yote ya makao ya wazee inaweza kuelezwa kwa maneno matatu: kumsaidia mzee kujitunza. Kiswahili kilishakuwa na silika hiyo kabla ya kitabu chochote cha mafunzo. Kwenda haja, jambo la faragha kuliko yote, watu wa heshima hukuita kujisaidia, na hata anayeshikwa mkono mpaka mlangoni bado husemwa kwamba amekwenda kujisaidia.

Basi mhudumu. Wapo watakaolalamika kwamba neno hilo linanuka hoteli na ndege. Linanuka kweli, lakini katika afya limekwisha kujijengea kiti. Hospitali za Tanzania zina mhudumu wa afya, anayefanya kazi chini ya muuguzi. Vijijini kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Kote huko neno linamtaja mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi kuliko muuguzi, mwenye kazi yenye mipaka, anayeripoti kwa mwenye taaluma. Mhudumu wa wazee anaingia katika ngazi hiyohiyo bila kusukumana na mtu. Kisha neno lina faida ya kimaadili: anayehudumiwa ni mtu mwenye matakwa, na mhudumu huuliza kwanza.

Jina lililo wazi lina kazi kubwa zaidi katika nchi za Ghuba. Mwanamke anayeondoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda Oman au Saudia kwa mkataba wa kazi za ndani, yule ambaye Wakenya humwita shagala au kadama, anaweza kufika na kukuta kwamba ndani ya nyumba yumo mama mkwe aliyelala kitandani. Anapika, anafua, na usiku anamgeuza mgonjwa ambaye hakuna aliyemfundisha kumgeuza. Vidonda vya kulalia huanza kwenye makalio na visigino pale mwili unapogandamizwa muda mrefu bila kubadilishwa upande. Kuvizuia ni somo, na mgongo wa anayeinua nao una somo lake. Mkataba wenye maneno mhudumu wa wazee ungetaja kazi ya pili, ungeruhusu kuulizwa mafunzo yake, na ungetoa msingi wa kuidaia malipo. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unawahusu wafanyakazi wa majumbani wakiwemo wanaohudumia wazee, ila ulinzi wake unategemea nchi iliyouridhia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inataka wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia na serikali. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60. Ili matunzo hayo yafundishwe kwa Kiswahili, istilahi nyingine zitahitaji kukubaliwa sambamba na mhudumu wa wazee. Baadhi zipo tayari: tiba shufaa imekwisha kuzoeleka Tanzania kwa huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Istilahi vidonda vya kulalia inaeleweka kila mahali. Linalosubiriwa kwa hamu zaidi ni jina la ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na utambuzi. Wengine husema usahaulifu, ambao kila mtu anao. Wengine husema kichaa cha uzeeni, tusi tupu. Na vijijini Shinyanga na Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, bibi anayetoka nje usiku bila kujua aendako anaweza kupewa jina baya kuliko yote mawili. Waandaaji wa kamusi za afya waanze na jina la ugonjwa huo.