Neno "Fisadi" na Hasira ya Umma Mkoani Mara

Katika kamusi za zamani, fisadi ni mtu mwovu, hasa mwenye kuharibu wake za watu. Mwaka 2007 wapinzani waliwabandika vigogo wa serikali jina hilo; Februari 2008 kashfa ya Richmond ikamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Mwezi Machi Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere. Wengi walitaraji ufisadi ukemewe hapo. Uamuzi uliovuma ukawa wa kura ya maoni Zanzibar. Mwaka 2010 Musoma Mjini ilimchagua Vincent Nyerere wa CHADEMA. Mwaka 2015 Bunda Mjini ikamchagua Ester Bulaya. Lakini mwaka huo mgombea urais wa CHADEMA alikuwa Lowassa, na neno fisadi likaadimika vinywani mwa walioliamsha.