Ubao, Kobe na Kishikwambi

Mtoto wa pwani aliyepelekwa chuoni zamani alikabidhiwa ubao. Mwalimu alimwandikia herufi za Kiarabu kwa wino wa masizi, mtoto akazitamka mpaka zikamkaa kichwani, kisha ubao ukaoshwa ili uandikwe somo jipya. Kifaa kile kilimtegemea mwalimu. Bila yeye kilikuwa kipande cha mti tu. Desemba 2017, mkoani Tanga, lilianza jaribio lililouliza kama mtoto anaweza kusoma bila mwalimu huyo.

Taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilikuwa imetangaza, mwaka 2014, shindano la dola milioni 15. Nani angetengeneza programu ya kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu? Timu tano zilifika fainali. Karibu watoto 3,000 katika vijiji zaidi ya 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na WFP. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Vituo vya sola viliwekwa vijijini ili vifaa vichajiwe.

Wazo lenyewe lilikuwa na umri wa nusu karne. Mwaka 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva, alishirikiana na Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig kubuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye ikaongezwa roboti ndogo yenye kalamu, iliyoitwa kobe. Mtoto akimwamuru kobe aende mbele na kugeuka nyuzi 90, mara nne, anapata mraba sakafuni. Amri ikikosewa, kobe huenda kombo, na mtoto hutafuta mwenyewe kosa liko wapi. Katika kitabu chake *Mindstorms* cha mwaka 1980, Papert alilalamika kwamba shuleni kompyuta ndiyo inayomwamuru mtoto. Yeye alitaka mtoto aiamuru kompyuta.

Kishikwambi cha Tanga kilisimama upande gani? Kwa sehemu kubwa, upande wa ubao. Mtoto alisikia, akagusa, akarudia. Hilo si la kubezwa. Kiswahili kina irabu tano na huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Anayezijua ba, be, bi, bo, bu yuko hatua moja tu kutoka neno "baba". Wengi wetu tulianzia hapo hapo. Tofauti ni kwamba mashine hurudia mara mia bila kuchoka, bila kiboko, wala haimcheki anayekosea.

Mei 2019 washindi wakatangazwa: Kitkit School na onebillion walifungana, kila mmoja akapata dola milioni 5. Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Takwimu hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Ukiisoma mara ya kwanza, unaona watoto walioachwa nje ya shule wakipata maneno yao ya kwanza bila darasa wala chaki, na huwezi kuwanyima pongezi. Ukiirudia, unaona kwamba karibu nusu walimaliza miezi 15 na kifaa mkononi bila kusoma neno hata moja.

Isitoshe, "bila mwalimu" hakukuwa na maana ya bila watu. Kuna wanakijiji waliosimamia vituo vya kuchajia, na mashirika yaliyofikisha vifaa huko. Programu za timu zote tano ziliachwa wazi, yeyote azitumie na kuziboresha. Huo ni urithi mzuri. Hatari iko kwa mpanga bajeti atakayeona kishikwambi ni rahisi kuliko mshahara, akakipeleka kijiji kisicho na shule na kuhesabu kwamba deni limelipwa.

Mwalimu wa chuoni aliujua ubao wa kila mtoto na alijua nani bado hajaweza. Anayekuja leo na kifaa kipya aulizwe jambo hilo hilo: nusu ile ya pili itashikwa mkono na nani?