Kompyuta kuukuu: Iongezewe vipuri au inunuliwe nyingine?

KATIKA maduka ya steshonari ya Igogo, jijini Mwanza, kompyuta ya mezani ndiyo jembe la kazi. Hapo ndipo mzazi hupeleka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili kihakikiwe RITA kwa njia ya mtandao, na mhitimu wa kidato cha sita hujaza maombi ya Bodi ya Mikopo. Mashine hiyo inapoanza kujikokota, mwenye duka hubaki na swali: aongeze vipuri, au atoe fedha nyingi zaidi anunue nyingine?

Kwanza ajue kinachoichelewesha. Wengi hukimbilia kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilhali mara nyingi mkosaji ni diski ngumu, ambayo ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku kichwa chake kikisaka data. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama dirisha litakalofunguka. Iwapo diski inakaa karibu na asilimia 100 huku kumbukumbu ikiwa na nafasi, RAM mpya haitasaidia. Kinachotakiwa ni diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna kipuri kingine kinachorudisha thamani ya fedha kama hicho.

Ikiwa ni kumbukumbu ndiyo iliyojaa, iongezwe kutoka GB 4 hadi 8, lakini aina yake izingatiwe: RAM ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3.

Yapo pia maradhi ya bei ndogo yanayodhaniwa kuwa kifo. Kompyuta inayorudi mwaka wa nyuma kila inapozimwa, na kwa sababu hiyo kukataa kufungua tovuti, kwa kawaida imeishiwa betri ndogo mviringo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu.

Hata hivyo, kasi si hoja pekee. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel Core, kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye, yaani zile za mezani zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2017. Soma namba: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya nane. Duka linalopokea vyeti na namba za vitambulisho vya wateja halipaswi kuegemea mfumo usiozibwa nyufa zake. Kwa matumizi ya nyumbani, Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambazo hutolewa bure, zaweza kuongeza miaka. Ila ihakikishwe kwanza kuwa printa inakubali.

Panapofika ubao mkuu, hesabu hubadilika. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huumiza pawasaplai na kapasita; ukiona kapasita zimevimba vichwa, usinunue kipuri kingine chochote. Ubao mpya huweza kudai kichakataji kipya na RAM mpya, na baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisini zina ubao na pawasaplai za umbo lake zenyewe, zisizoingiliana na za kawaida.

Anayeamua kununua ya mtumba aisome namba ileile ya kichakataji kabla ya kulipa, la sivyo atanunua tatizo alilotaka kulikimbia. Ile SSD aliyokwisha kuiweka aihamishe, maana katika kompyuta nyingi itafaa.

Na diski ya zamani isiuzwe pamoja na sanduku lake kabla ya kufutwa kabisa. Kutupa mafaili katika pipa la kompyuta hakutoshi. Vyeti vya wateja huweza kufufuliwa na yeyote mwenye programu ya kazi hiyo.